Kwaki tatu au bahari nzima? Jibu kwa mwalimu wa fizikia wa Bukavu

«Mtaalamu, nafundisha fizikia mwaka wa sita wa sayansi katika shule moja ya Kadutu, Bukavu. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba protoni ni kwaki tatu, yaani chembe tatu ndogo zaidi, mbili za aina ya u na moja ya aina ya d, tunajumlisha chaji tunapata +1, tunaendelea. Juzi mwanafunzi mmoja kaniletea video ya Kifaransa kwenye simu. Inasema ndani ya protoni kuna bahari ya kwaki zisizo na idadi, kwamba nusu ya bahari hiyo ni antimata, na kwamba imo hata kwaki nzito kuliko protoni yenyewe. Darasa zima lilinitazama. Nikasema nitarudi na jibu, na mpaka leo sijarudi nalo. Kama tuna antimata mwilini, mbona hatulipuki? Je, miaka yote hii nimefundisha uongo? Tena kuna la nyumbani. Mtu mmoja mjini ana mashine anayoiita ya kwantumu. Dada yangu mkubwa, mgonjwa wa sukari, alishikishwa fimbo ya chuma, ikatoka karatasi yenye rangi nyingi kusema kwamba kwaki za mwili wake zimepoteza usawa. Kauziwa bangili ya dola 80 na kaambiwa apunguze vidonge. Nimwambie nini?»

Ndugu mwalimu, tuanze na dada, maana protoni zinaweza kusubiri lakini sukari haisubiri. Asiache vidonge wala asipunguze hata kimoja kwa maneno ya mtu mwenye fimbo. Kama ameshapunguza, mpeleke leo au kesho pale anapotibiwa, wampime sukari kwa tone la damu, na abebe dawa zake zote ili zionekane. Ukimwona ana kiu isiyokatika, anakojoa kila mara, anatapika, anahema kwa kasi au maneno yake yanachanganyika, usingoje kukuche. Mpeleke hospitali usiku huo huo. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya ugonjwa, mimi ni mtu wa fizikia. Wa kusikilizwa ni daktari anayemwona kwa macho yake na kumshika mkono. Kuhusu mashine yenyewe nitakuonyesha mbele kidogo kwa nini haiwezi kuona inachodai kuona, kwa sababu hoja hiyo inatokana moja kwa moja na swali lako la darasani.

Sasa darasa. Hukufundisha uongo. Ulichoandika ubaoni ni kweli tupu, ila vitabu tunavyotumia havisemi ni kweli ya namna gani. Ile tatu si hesabu ya vyote vilivyomo ndani ya protoni. Ni tofauti: kwaki zilizomo, toa antikwaki zilizomo, yaani wenzao wa antimata wenye chaji iliyogeuzwa. Chukua kwaki za u, toa antikwaki za u, unabaki na 2. Fanya hivyo kwa d, unabaki na 1. Fanya kwa s, ile kwaki ya tatu kwa wepesi, unabaki na sifuri. Tofauti hizo hazitikisiki, uipige protoni kwa nguvu kidogo au kwa nguvu nyingi. Kinachopanda na kushuka ni idadi.

Mtazame mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni Kadutu. Ametoka nyumbani na beseni tatu zake mwenyewe. Wateja wakizidi anakopa beseni kwa mwenzake na kuandikiwa kikaratasi cha deni. Akirudisha beseni, kikaratasi kinachanwa. Ukipita saa nne utakuta beseni tano na vikaratasi viwili. Ukipita saa saba, beseni kumi na vikaratasi saba. Toa vikaratasi kwenye beseni, na kila mara utapata tatu. Beseni ndizo kwaki, vikaratasi ndivyo antikwaki. Wewe miaka yote umekuwa ukiwaambia wanafunzi mali halisi ya mama huyu, bila kutaja kwamba meza yake imejaa. Ile mali halisi wanafizikia wanaiita kwaki za valensi, na vyote vya mkopo, beseni pamoja na vikaratasi vyake, ndiyo bahari. Angalia na hili, maana video nyingi hulikosea: ukiwa mbele ya meza huwezi kunyoosha kidole ukasema beseni hii ni yake na ile ni ya kukopa. Vivyo hivyo hakuna kwaki ya u iliyoandikwa pajini kwamba yenyewe ni ya valensi. Tunajua tu kwamba zimezidi kwa mbili.

Mkopo unatoka wapi? Kwa gluoni. Kwaki hushikana kwa kani kali, na gluoni ndizo zinazopita baina yao kuwashikanisha, kama ambavyo fotoni, chembe za nuru, hufanya kati ya chaji za umeme. Lakini kuna tofauti moja, na ndiyo chanzo cha mambo yote haya. Fotoni haina chaji ya umeme. Ndiyo maana miali miwili ya tochi hupishana hewani bila kusukumana. Gluoni inabeba yenyewe ile chaji ya kani kali, tunayoiita chaji ya rangi ingawa haina uhusiano wowote na rangi za macho. Kwa hiyo gluoni huvutana zenyewe kwa zenyewe, moja huzaa nyingine, na yoyote kati yao inaweza kupasuka ikawa kwaki na antikwaki yake. Jozi hiyo haikai. Hukutana, ikarudi kuwa gluoni, nayo ikaendelea na shughuli. Mambo hayo yanapita upesi mno: nuru yenyewe huvuka protoni nzima kwa muda ulio mfupi kuliko sekunde moja iliyogawanywa kwa namba 1 yenye sifuri 23.

Kwa hiyo ule mchoro wa mipira mitatu ya rangi iliyounganishwa na springi, unaorudiwa katika kila kitabu, kwangu mimi ni mchoro mbaya kuliko yote ya fizikia ya sekondari. Unafanya nafasi baina ya mipira ionekane tupu, na hapo ndipo palipo na kazi kubwa.

Usidhani watu waliibuni bahari hii kwa kufikiri tu. Murray Gell-Mann na George Zweig walipotoa wazo la kwaki mwaka 1964, kila mmoja kivyake, wengi waliliona kama mbinu nzuri ya kupanga hesabu na si vitu vyenye kuwepo. Kuanzia mwaka 1967, huko Stanford, California, elektroni zilirushwa ndani ya bomba lenye urefu wa kilomita 3.2 hadi zikafikia nishati ya elektronivolti bilioni 20 hivi (elektronivolti moja ni nishati inayopata elektroni ikisukumwa na volti moja), kisha zikapigizwa kwenye protoni. Kama protoni ingekuwa kitu laini chenye chaji iliyosambaa, elektroni zingepinda kidogo tu na kupita. Badala yake nyingi mno zilirudishwa kwa pembe kubwa, ishara kwamba ndani mna vitu vidogo vigumu vya kugonga. Jerome Friedman, Henry Kendall na Richard Taylor walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1990.

Kisha likaja jambo lisilotarajiwa. Walipojumlisha kiasi cha mwendo kinachobebwa na kwaki zote, walipata kama nusu tu ya kile cha protoni nzima. Nusu nyingine ilikuwa mikononi mwa kitu ambacho elektroni haikioni, maana hakina chaji ya umeme. Ndizo gluoni, ambazo alama zake zilionekana wazi mwaka 1979 huko Hamburg, Ujerumani.

Ni mji huo huo wa Hamburg uliotupa picha bora ya bahari. Mashine iliyoitwa HERA, pete ya chini ya ardhi yenye mzunguko wa kilomita 6.3, iligonganisha elektroni na protoni kuanzia 1992 hadi 2007. Kila walipotafuta kwaki zenye sehemu ndogo zaidi ya mwendo wa protoni, walikuta ni nyingi zaidi, na ongezeko lilikuwa kali kuliko wengi walivyotazamia. Ndiyo sababu ukiniuliza «ni ngapi kwa jumla?» sina namba moja ya kukupa, na hakuna mtu mwenye nayo. Swali lenyewe halijakamilika mpaka useme unaangalia kwa ukali gani na unahesabu zenye sehemu gani ya mwendo. Chembe ya kuchunguzia ni wimbi. Wimbi refu huona protoni kama donge moja, lenye nusu kipenyo cha femtomita 0.84, na femtomita moja ni milimita iliyogawanywa kwa milioni moja ya milioni. Wimbi fupi huona zile tatu. Fupi zaidi huona tatu zimezungukwa na umati. Protoni ni ile ile. Umeongeza ukali wa jicho.

Hapa ndipo mashine ya mjini inaposhindwa, na hesabu yake wanafunzi wako wanaweza kuifanya wenyewe. Elektroni ikisukumwa na betri ya volti 9 inapata elektronivolti 9. Mashine ya eksirei ya hospitali inatumia volti laki moja hivi, nayo haioni hata ndani ya kiini cha atomu. Kuzigusa kwaki zenyewe kulihitaji elektronivolti bilioni na bomba la kilomita. Fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta kwa waya mwembamba haifiki hata mlangoni. Na hata ingefika, isingekuwa na cha kusoma: protoni zote ni sawa kabisa. Protoni ya mgonjwa, ya mtu mzima wa afya, ya maji ya ziwa Kivu na ya jiwe la barabarani hazina tofauti yoyote, wala hakuna ugonjwa unaobadilisha bahari yao. Basi «kwaki zilizopoteza usawa» si kipimo kilichokosewa. Ni maneno yasiyo na maana. Dada akibisha, mwambie ashikishwe fimbo mara mbili kwa jina, umri na uzito tofauti, halafu alinganishe karatasi. Lakini asilipe dola nyingine kwa hilo.

Turudi kwa antimata, maana najua ndilo lililowatikisa. Video haikukosea: bahari ni ya jozi, kwa hiyo kila kwaki ya bahari ina antikwaki mwenzake, na antikwaki ni antimata halisi. Haikukosea pia kwamba mata na antimata vikikutana huangamizana. Ndani ya protoni huangamizana bila kupumzika. Mbona hakuna mlipuko?

Kwa sababu mlipuko unahitaji pa kuangukia. Nishati hutoka pale kitu kinapohama kutoka hali ya juu kwenda hali ya chini, na kinachobaki ndicho kinachoruka nje kama joto au mnururisho. Protoni haina hali ya chini ya kwendea. Ni chembe nyepesi kuliko zote zenye tofauti ya tatu kati ya kwaki na antikwaki, na tofauti hiyo hakuna aliyewahi kuiona ikivunjwa. Jozi ikiangamia ndani, nishati yake inabaki kuwa gluoni iliyo mle mle. Si akiba ya ziada iliyofichwa ikisubiri kiberiti. Bahari haikuongezwa juu ya protoni iliyokwisha kukamilika, ni sehemu ya protoni ikiwa imetulia kabisa. Uthabiti huo umepimwa pia. Huko Japani kuna tanki la maji lenye tani 50,000 liitwalo Super-Kamiokande, ambalo limetazamwa kwa miaka mingi kama protoni hata moja itavunjika. Haijaonekana, na kutokana na ukimya huo tunajua kwamba uhai wake wa wastani unazidi idadi ya miaka inayoandikwa kwa 1 yenye sifuri 34 kwa njia za kuvunjika wanazozitafuta zaidi.

Linganisha na antiprotoni, iliyopatikana Berkeley mwaka 1955. Yenyewe ina tofauti ya tatu upande wa pili, yaani hasi tatu. Ikikutana na protoni jumla ni sifuri, na hapo mlango wa chini unafunguka: vyote viwili vinaweza kugeuka kuwa pioni, chembe nyepesi za kwaki moja na antikwaki moja, na nishati ikaruka. Wanafunzi wakiuliza antimata ipi ni ya hatari, wajibu kwamba ni ile iliyozidi. Iliyolipiwa na kwaki mwenzake haina pa kwenda.

Kuna wataalamu wanaowaambia wanafunzi kwamba bahari ni «ya kimawazo tu», chembe za kuazima zisizo na uhalisi. Silipendi jibu hilo, na nitakuambia kwa nini, maana hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa tamu.

Kama bahari ingekuwa matokeo ya gluoni kupasuka tu, ingepaswa kuwa na usawa. Gluoni haichagui kati ya u na d. Zote mbili ni nyepesi sana, kwa hiyo antikwaki za u na za d zingekuwa karibu sawa kwa idadi. Tangu mwaka 1967 kulikuwa na kanuni ya Kurt Gottfried: ukilinganisha jinsi protoni na nyutroni zinavyogongwa, ukajumlisha kwa njia fulani, na kama bahari ina usawa, jibu linatoka theluthi moja. Mwaka 1991 kundi lililotumia muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, lilitangaza kipimo chake: 0.24 hivi. Tofauti na 0.33 ilikuwa kubwa mno kuitwa bahati mbaya ya vipimo. Maana yake rahisi ilikuwa kwamba antikwaki za d zimezidi za u.

Kuthibitisha walihitaji kuzigusa antikwaki zenyewe. Njia ni hii. Unarusha protoni kwenye shabaha ya hidrojeni. Mara chache, kwaki kutoka protoni inayokuja inakutana na antikwaki iliyokuwa baharini mwa protoni iliyotulia, zinaangamizana, na nishati yao inatoka kama muoni na antimuoni. Unaweka mbele donge kubwa la chuma linalozuia karibu kila kitu isipokuwa muoni, halafu unahesabu zilizopenya. Kila jozi ya muoni iliyofika ni antikwaki moja iliyokamatwa. Kisha unarudia na deuteri, ambayo kiini chake kina protoni na nyutroni. Kwa kuwa nyutroni ni kama protoni iliyobadilishana u na d, kulinganisha shabaha mbili kunakupa uwiano unaoutafuta. Jaribio la maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, lilifanya hivyo mwaka 1998 na kuona antikwaki za d zimezidi, ila mwishoni mwa vipimo vyake, kwa antikwaki zenye sehemu kubwa ya mwendo, uwiano ulionekana kuporomoka na hata kugeuka. Nadharia karibu zote zilishindwa kueleza mgeuko huo. Jaribio jingine la pale pale, SeaQuest, likapima eneo hilo kwa makini zaidi, na matokeo yake yakatoka katika jarida la Nature mwezi wa pili 2021: hakuna mgeuko. Antikwaki za d zinazidi za u kote walikopima, kwa uwiano wa kama moja na nusu kwa moja.

Kwa nini d? Anthony Thomas, mwanafizikia wa Australia, alikuwa ameandika mwaka 1983 juu ya njia inayoonekana leo kuwa ndiyo kubwa. Kwa sehemu ya muda wake protoni huwa nyutroni iliyozungukwa na pioni yenye chaji chanya. Pioni hiyo ni kwaki ya u na antikwaki ya d. Basi kila protoni inapojigeuza hivyo, antikwaki ya d inaongezeka, na hakuna njia nyepesi ya namna hiyo ya kuongeza antikwaki ya u. Wapo wanaoongeza hoja ya Pauli, kwamba chembe za aina moja haziwezi kukaa katika hali ile ile, na u tayari zimejaa mbili na zinabana nafasi, lakini wengi huona hiyo ni sehemu ndogo. Kitu cha kimawazo hakiwezi kuegemea upande mmoja kwa kiasi kinachopimika na kurudiwa na maabara tofauti. Ndiyo maana nasema waambie wanafunzi ipo.

Kwaki nzito kuliko protoni: hapa video imeruka hatua. Ni kwaki ya c, yenye masi ya karibu MeV 1,270 (MeV ni elektronivolti milioni moja, na kwa E sawa na mc² hupimia masi pia), wakati protoni ina MeV 938. Wazo kwamba protoni inaweza kuwa nayo hata ikiwa imetulia ni la mwaka 1980, na mwaka 2022 kundi lililochambua data za majaribio mengi lilichapisha ushahidi wa kuliunga mkono. Ushahidi, si hukumu ya mwisho, bado unajadiliwa. Kama ni kweli, usiifikirie c hiyo kama jiwe zito ndani ya mfuko mwepesi. Hali ya protoni ni mchanganyiko wa uwezekano mwingi, mmojawapo ukiwa na c na antikwaki yake kwa uzito mdogo sana, na nishati ya mchanganyiko mzima inabaki 938. Ukitaka kuitoa hiyo c nje uishike, lazima wewe ulete nishati inayokosekana.

Na ukishafika kwenye masi, usiliache hili lipite, kwa sababu wanafunzi hulipenda. Kwaki ya u ina MeV 2 na kidogo, ya d karibu 5. Jumlisha mbili za u na moja ya d: kama 9. Protoni ni 938. Asilimia 99 imetoka wapi? Katika mwendo wa kwaki zilizobanwa mahali padogo na katika nishati ya gluoni, kwa ile ile E sawa na mc² wanayoikariri. Ukichukua masi ya kwaki za bahari pia katika hesabu, hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2018 zinafikisha sehemu ya masi za kwaki asilimia 9, na iliyobaki bado ni ya mwendo na gluoni. Kwa hiyo yule anayekuambia kwamba chembe ya Higgs, ile inayohusishwa na masi za kwaki zenyewe, ndiyo inayotupa uzito wetu amezidisha mno. Mzani ukikuonyesha kilo 60, unapima hasa nishati ya kani kali. Spini, yaani mzunguko wa asili wa chembe, nayo ina kisa chake, maana mwaka 1988 ilionekana spini za kwaki zinachangia sehemu ndogo tu ya ile ya protoni, na leo tunasema kama theluthi. Lakini hiyo iache kwa watakaoendelea chuoni.

Ufundishe vipi basi? Unaweza kubaki na tatu bila kusema lolote. Exetat, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, haitakudai zaidi, na mwenye kuandika uud atapata alama yake. Hasara ni kwamba yule mwenye simu atafikiri shule inaficha, na atamwamini wa video kwa kila kitu, hata pale video inapokosea. Unaweza kuwapa yote niliyoandika hapa, na nusu ya darasa watalala. Mimi ningechagua dakika kumi. Futa ule mchoro wa springi, kisha andika mistari mitatu: kwaki za u toa antikwaki za u, 2, za d toa za d, 1, za s toa za s, 0. Waambie kwamba kwa mtihani wanaandika mistari hiyo kwa ufupi wake, uud, na kwamba ndani mna zaidi. Kuna tahadhari moja kwa mwerevu atakayekuuliza juu ya mionzi ya beta: kani dhaifu inaweza kugeuza d kuwa u, ndivyo nyutroni inavyokuwa protoni. Hapo mistari inabadilika, lakini jumla ya tatu haiguswi.

Kama kuna wanaotaka kwenda mbele, usiwaache na simu peke yao. Wapeleke wakaonane na wanaofundisha fizikia chuo cha ualimu cha ISP au chuo kikuu cha Université Officielle hapo hapo Bukavu. Swali la ana kwa ana mbele ya ubao linafungua mambo ambayo maandishi yangu hayawezi.

Na uwape zoezi. Kwa nukta fulani protoni ina antikwaki 3 za u, 5 za d na 2 za s. Kwaki za kila aina ni ngapi, na chaji ya jumla ni ngapi, ikiwa u ina chaji +2/3, d na s kila moja −1/3, na antikwaki kinyume chake? Watapata 5, 6 na 2, jumla ya vyote 23, na baada ya kukata mafungu ya theluthi watabaki na +1. Wakikuuliza umezitoa wapi namba hizo, waambie umezitunga, halafu waache kila mmoja atunge zake na ajaribu kuiharibu ile +1.